Mtoto Aonaye Nusu: Namna ya Kuomba Marekebisho Shuleni kwa Mwana Mwenye Uoni Hafifu

Shule nyingi za Tanzania hazimkatai mtoto mwenye ulemavu. Humpokea, humwandika katika rejista, humwonyesha dawati, kisha humwacha papo hapo. Mzazi aendapo kueleza kwamba mwanawe haoni ubao, mwalimu humsikiliza kwa staha na kumjibu, "Sawa mama, tutaliangalia". Na kauli hiyo, ambayo ndani yake hamna inadi wala ubaya wowote, ndiyo iwapotezayo watoto wengi kuliko kukataliwa wazi, kwa kuwa aliyekataliwa hujua pa kwenda kushtaki, walakini aliyekubaliwa kwa mdomo hurejea nyumbani ameridhika, mwezi ukapita, mwalimu akahamishwa, na mtoto yu vilevile kwenye dawati la nyuma.

Muradi wa mwongozo huu ni kukuvusha wewe mzazi, au mlezi, ng'ambo ya kauli hiyo. Nimeuelekeza kwa mtoto mwenye uoni hafifu, na hususan mwenye ualbino, kwa sababu yeye ndiye aghalabu asahauliwaye: asiyeona kabisa hutambulikana siku ya kwanza, ilhali huyu hutembea bila fimbo, hukimbia na wenziwe uwanjani, hukusalimu uingiapo mlangoni, na asiponakili yaliyo ubaoni huhesabiwa mvivu. Ikiwa mwanao ana ulemavu wa namna nyingine, hatua za kuomba ni hizi hizi. Kibadilikacho ni kile kiombwacho.

Kwanza lijue jicho lake

Mwenye ualbino amezaliwa na upungufu wa ile rangi iitwayo melanini, nayo kazi yake si kupaka ngozi na nywele peke yake. Inapopungua, kile kitovu cha retina ambacho jicho hukitumia kuona mambo madogo madogo hakikamiliki kuumbika, na ile sehemu ya rangi inayoizunguka mboni hushindwa kuzuia nuru ipasavyo. Ndiyo maana vitu vya mbali humfifia, mwangaza mkali humuumiza, na mara nyingi macho huchezacheza bila ya hiari yake. Miwani humfaa, na lazima apimwe apewe, lakini miwani hukunja nuru tu ili itue mahali pake, wala haiwezi kukiumba kisichoumbika. Mwalimu akuulizaye, "Si ana miwani huyu?" hana chuki, hajapata kuelezwa.

Daktari wa macho akimpima ataandika kipimo kama 6/18 au 6/60, na inakupasa ukielewe, maana hoja yako yote itasimama juu yake. Aliyeandikiwa 6/60 huhitaji kusimama mita 6 apate kuona kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 60. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ana uoni hafifu yule ambaye, hata baada ya kupewa miwani iliyo bora kabisa, jicho lake lililo afadhali bado liko chini ya 6/18.

Hebu tulitie jambo hili darasani. Jicho zima, likiwa mita 6 kutoka ubaoni, huitambua herufi yenye urefu wa takriban milimita 9; mtoto wa 6/60 aliyeketi hapo hapo huhitaji herufi mara 10 ya hiyo, yaani karibu sentimita 9, sawa na upana wa kiganja cha mtu mzima, na hakuna mwalimu aandikaye hivyo. Msogeze mtoto yule yule hadi mita moja na nusu, hitaji lake litashuka hadi sentimita 2 na ushei. Hicho ni kiwango cha kutambua kwa taabu, na kusoma kwa raha hutaka maradufu yake. Lakini utaona kwamba kumketisha mbele si kumdekeza, ni hesabu ya kugawanya tu, na hesabu hii waweza kumfanyia mwalimu mbele ya macho yake kwa utepe wa fundi cherehani.

Chunguza kabla hujaomba

Chukua daftari la mwanao na daftari la mwenzake wa darasa hilo hilo, uyaweke sambamba. Katika la mwanao utakuta sentensi imeanza vema, ikafika katikati, ikakatika; na chini yake imeanza nyingine ya habari nyingine kabisa. Hapo ilipokatika ndipo ubao ulipofutwa. Kurasa mbili tatu za namna hiyo, ukizipeleka kwa Mwalimu Mkuu, huzungumza zaidi ya malalamiko ya mwaka mzima, kwani ni ithibati iliyoandikwa kwa mkono wa mtoto mwenyewe, chini ya paa la shule yenyewe.

Kisha muulize mtoto, na umuulize kwa utulivu: ni somo gani limshindalo zaidi, ni saa ngapi jua humpiga usoni darasani, nani humsomea ubao, na huyo amsomeaye hukosa nini kwa ajili yake. Watoto hawa hujifunza mapema kuficha, wakaitikia "nimeona" hali hawakuona, wasije wakachekwa.

Cha kuomba

Katika marekebisho yote niyajuayo, lililo bora ni lile lisilogharimu hata senti: mwalimu aandikapo ubaoni, na atamke kila neno aliandikalo. Likifanywa kwa bidii, mtoto mwenye uoni hafifu huandika kwa kusikia sawia na wenziwe, na wale wenye macho mazima nao hupata faida, maana wasikiao na kuona kwa pamoja hushika zaidi. Katika Hisabati jambo hili lina sharti lake. Mwalimu azoeaye kusema, "Hii ukiitoa hapa unapata hii," huku akielekeza chaki, humwacha mtoto gizani ingawa sauti yake inasikika hadi uani; badala yake na aseme, "Arobaini na mbili ukitoa kumi na saba." Ni mazoea ya miaka mingi, hayaachwi kwa siku moja, basi usimkatie tamaa mwalimu asahauye; mkumbushe kwa upole, na tena mkumbushe.

La pili ni mahali pa kuketi. Mbele, naam, lakini si mbele popote. Mwenye ualbino akielekea dirisha huona weupe mtupu. Na ubao uliochakaa ukang'aa huwa kama kioo saa jua linapouelekea. Ingia darasani wakati wa masomo, uketi mwenyewe katika dawati hilo asubuhi na tena mchana, uone nuru inatoka wapi. Kadhalika apewe idhini ya kuinuka na kusogea ubaoni pasipo kuomba ruhusa kila mara, na darasa zima lielezwe kuwa ana idhini hiyo.

La tatu ni maandishi ya kusomwa kwa karibu. Taasisi ya Elimu Tanzania hutoa vitabu vya kiada vya maandishi makubwa, navyo huletwa shuleni kwa njia ya halmashauri. Mwalimu Mkuu asipovipeleka katika mahitaji yake, havitakuja vyenyewe. Vikichelewa, duka la kutoa kopi litakufaa: ukurasa wa A4 ukikuzwa kuwa A3 huongezeka kwa asilimia 41, na herufi ya ukubwa wa 12 ikawa kama ya 17. Msisitize mwenye duka atoe nakala nyeusi iliyokolea, kwa kuwa kopi ya kijivu, hata iwe kubwa namna gani, haimfai. Nyumbani, mpe kalamu nyeusi yenye ncha nene, umkolezee kwa rula mistari ya daftari, na umwombe seremala akutengenezee kibao cha mshazari cha kuegemeza kitabu, ili asiikunje shingo kutwa nzima. Daktari akimwandikia lenzi ya kukuza au darubini ndogo ya mkono, omba shule imruhusu kuitumia, na ifungiwe kabatini wakati wa mapumziko.

La nne ni jua, na hili ni la uhai. Kofia ya ukingo mpana na nguo ya mikono mirefu ni kinga ya saratani ya ngozi. Kwa hiyo kanuni ya shule ikatazayo kofia isimhusu. Baina ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, kazi ya shamba, michezo na kusimama mstarini apangiwe kivulini au asamehewe, ila michezo asinyimwe moja kwa moja: kipindi kisogezwe asubuhi na mapema. Mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun hutengenezwa papa hapa nchini, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Uliza kliniki ya ngozi ya mkoa wako namna ya kuyapata.

Katika mikoa iliyowahi kukumbwa na mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, pangeni pia nani atakayeongozana naye njiani, na mwisho wa siku asiachwe kufagia peke yake.

Hatua kwa hatua

1. Mpeleke mtoto kliniki ya macho katika hospitali ya wilaya au ya rufaa; KCMC ya Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam ni miongoni mwa zenye uzoefu. Omba ripoti iliyoandikwa: kipimo cha kila jicho akiwa na miwani, ukubwa wa maandishi ayasomayo kwa karibu, athari ya mwangaza, na vifaa vimfaavyo. Cheti kisemacho "ana ualbino" na kukomea hapo hakitoshi, kwani shule haitajua la kutenda.

2. Toa nakala tatu za ripoti. Asili ibaki nyumbani, wala usiikabidhi kwa mtu yeyote.

3. Onana kwanza na mwalimu wa darasa, faraghani, si mbele ya wanafunzi. Yeye ndiye atakayetenda. Ukimruka ukaenda moja kwa moja kwa mkubwa wake, utapata amri na kukosa moyo.

4. Andika barua kwa Mwalimu Mkuu. Chagua mambo matatu au manne tu, yaliyo makubwa, na kila moja liwe tendo linaloweza kuonekana kwa macho: "asaidiwe" si tendo, "aketi dawati la kwanza mkabala wa ubao" ni tendo.

5. Peleka barua kwa mkono pamoja na nakala yako. Nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa na kutiwa tarehe. Muhuri huo ndio utofautishao ombi na mazungumzo.

6. Katika kikao, kila jambo lipate mtu na siku: nani atalisimamia, kuanzia lini. Likiandikwa na kusainiwa, liwekwe katika jalada la mtoto.

7. Rudi baada ya wiki tatu au nne, ukiwa na daftari lake mkononi. Ulinganishe.

Kielelezo cha barua

> Mwalimu Mkuu,
> Shule ya Msingi ………,
> S.L.P. ………
>
> YAH: MAOMBI YA MAREKEBISHO KATIKA MASOMO KWA MWANAFUNZI ………, DARASA LA ………
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mimi ni mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa. Kwa mujibu wa ripoti ya daktari niliyoiambatanisha, mwanangu ana uoni hafifu wa kiwango cha ……… akiwa amevaa miwani, na kwa ajili hiyo hawezi kuusoma ubao kutoka mahali aketipo sasa. Nimeambatanisha pia kurasa za daftari lake.
>
> Kwa kuzingatia kifungu cha 27 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, naomba:
>
> (i) aketi dawati la kwanza, upande usioelekea dirisha, na aruhusiwe kuusogelea ubao;
> (ii) walimu watamke yale wayaandikayo ubaoni;
> (iii) karatasi za majaribio na mitihani zikuzwe, na aongezewe muda;
> (iv) aruhusiwe kuvaa kofia na nguo za mikono mirefu akiwa nje.
>
> Naomba tuonane tarehe ……… ili tupange usimamizi wa mambo haya. Natanguliza shukrani.
>
> (Saini, jina, namba ya simu)
> Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Shule

Kifungu hicho cha sheria nimekitia kwa makusudi, lakini kwa mstari mmoja tu. Chaeleza kuwa mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kuelimishwa pamoja na wenziwe katika shule ya kawaida, iwe ya serikali au ya binafsi, na kupatiwa huduma saidizi zinazolingana na ulemavu wake. Na Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao ibara yake ya 24 inadai marekebisho kwa kadiri ya mahitaji ya mtu. Mkaazi wa Unguja au Pemba na akumbuke kuwa Zanzibar ina sheria yake na wizara yake ya elimu, ingawa taratibu za kuandika na kufuatilia hazitofautiani. Mstari mmoja watosha, kwani barua iliyojaa vifungu humtisha Mwalimu Mkuu akaanza kujitetea, na mtu ajiteteaye hana nafasi ya kusaidia.

Mitihani ya taifa

Hapa wengi huchelewa. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi zenye maandishi yaliyokuzwa, na wasioona huandaliwa za nukta nundu. Muda wa ziada ni dakika 10 kwa kila saa, na katika Hisabati dakika 20 kwa kila saa, hivi kwamba mtihani wa saa 2 wa Hisabati huongezewa dakika 40. Lakini karatasi hizo huchapwa kwa hesabu ya waliosajiliwa kuwa na hitaji hilo, na asajiliye ni shule. Basi usingoje mwezi wa mtihani: mwanzoni kabisa mwa mwaka wa Upimaji wa Darasa la Nne, na tena mwaka wa kumaliza elimu ya msingi, nenda kwa Mwalimu Mkuu umwombe akuonyeshe kwamba uoni hafifu wa mwanao umeingizwa katika usajili. Usitosheke kuambiwa, ona.

Tena mitihani ya shuleni nayo ifuate desturi hiyo hiyo, kwa sababu mtoto ambaye hajapata kushika karatasi kubwa hupoteza dakika zake za nyongeza akigeuzageuza kurasa.

Wakichelewesha, au wakikataa

Panda ngazi moja baada ya nyingine, na kila ngazi uende na nakala ya barua iliyotangulia: Kamati ya Shule, Afisa Elimu Kata, kisha halmashauri, ambako umwulize Afisa Elimu Maalumu, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye vifaa vilivyopo ghalani na walimu wenye ujuzi huo walipo. Juu yake yuko Mkurugenzi wa halmashauri. Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania na vyama vingine vya watu wenye ulemavu vina viongozi katika mikoa, na aghalabu mmoja wao akiketi nawe kikaoni, mazungumzo hubadilika sauti. Mambo yakishindikana kabisa, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Jibu moja lataka hadhari ya pekee: "Huyu apelekwe shule ya wasioona." Shule hizo, kama Buigiri kule Dodoma, zimefanya kazi kubwa, na kwa mtoto ambaye macho yake yaendelea kufifia huenda zikawa ndizo zimfaazo. Lakini mtoto awezaye kusoma wino kwa kuukaribia, akifundishwa nukta nundu peke yake na kutengwa na nyumbani kwao kwa sababu tu hakuna aliyetaka kuhamisha dawati, amedhulumiwa. Kabla hujakubali, omba daktari aandike kama anaweza kuendelea na maandishi ya wino, na uulize kama halmashauri yako ina shule ya kawaida yenye kitengo cha elimu maalumu.

Makosa yaliyo mengi

Kumkemea mtoto anapoweka uso kitabuni. Kukaribia hivyo hakumharibu macho, ndiyo namna yake ya kukuza herufi, na bei yake ni bure.

Kuomba mambo kumi kwa pamoja. Walimu wa darasa la wanafunzi themanini watachagua lililo jepesi na kuyaacha tisa.

Kumwachia jirani wa dawati kazi ya kumsomea ubao kila siku. Huyo naye ana masomo yake, na urafiki uliofanywa utumishi haudumu.

Kuvumilia jina la dhihaka. Mwalimu amwitaye mtoto kwa rangi yake amewapa darasa zima ruhusa. Lizungumze siku hiyo hiyo.

Jalada la nyumbani liwe na haya

☐ Ripoti ya daktari ya asili, na tarehe ya kupimwa tena
☐ Nakala ya barua yenye muhuri wa shule
☐ Makubaliano ya kikao, yenye majina na tarehe
☐ Kurasa za daftari: za kabla na za baada
☐ Nakala ya karatasi moja ya mtihani iliyokuzwa, ukubwa aupendao mtoto
☐ Uthibitisho wa usajili wa mtihani wa taifa

Kila mwalimu mpya ajapo, na kila mwaka darasa libadilikapo, toa nakala ya barua na makubaliano umpe katika juma la kwanza, usitaraji kuwa aliyeondoka amemweleza. Akihitimu na kupangiwa sekondari, jalada hili litangulie: lifikishe kwa Mkuu wa Shule kabla ya siku ya kuripoti, kwa sababu huko kila somo lina mwalimu wake, nao wote wahitaji kuelezwa, kuanzia yule wa Hisabati.